Nina laki tatu tu: ninunue vitu vya mtoto vilivyotumika mtandaoni?

Segerea_Mwisho
Habari za jioni wadau. Natarajia mtoto wa kwanza mwezi wa tisa. Mume wangu anaendesha bajaji, mimi nina genge la mbogamboga, na tumetenga laki tatu kwa vitu vya mtoto, mbali na hela ya hospitali ambayo hatuigusi. Nimepita Kariakoo kuulizia: kitanda kipya na godoro lake laki nne na nusu, kigari cha kusukuma laki mbili na themanini. Usiku nikaingia kwenye mitandao ya matangazo, Kupatana na Jiji, nikakuta vilivyotumika kwa nusu ya bei, vingine chini ya hapo. Mama mkwe hataki kusikia, anasema mjukuu wake halali kwenye kitanda cha mtoto asiyemjua. Mimi naona kitakachobaki kitatuvusha wakati genge limefungwa. Mnaojua mnisaidie: kipi ninunue, kipi nisiguse, na tapeli nitamjuaje? Nawasilisha.

Mama Ilham
Hongera mdogo wangu. Nimelea wawili hapa Kimara kwa vitu vya kununua kwa watu, na wa tatu akija nitafanya hivyohivyo.

Kigari achana nacho. Kwa barabara zetu za mchanga na makorongo, utakisukumia wapi? Kanga mbili nzito na kibebeo cha kifuani vinakutosha.

Kitanda ndicho cha kununua kilichotumika, maana mtoto anakiacha kikiwa bado kizima. Ila nunua kwa mzazi, siyo kwa mfanyabiashara. Huko mtandaoni wamechanganyika: yupo anayeuza cha mwanaye kwa sababu chumba kimejaa, na yupo anayeshusha kontena kutoka Ulaya na kuweka faida yake juu. Mimi huuliza swali moja: "Mwanao aliacha kukitumia akiwa na umri gani?" Mzazi anajibu papo hapo, tena anaongeza na ambayo hujauliza, kwamba alikuwa anang'ata ile kingo ya juu, kwamba godoro liliwahi kumwagikiwa uji. Mfanyabiashara atakuuliza una shilingi ngapi. Tazama na picha. Ya nyumbani utaona pazia na kandambili za mtu, ya stoo utaona vitanda vimepangwa hadi darini.

Na msimu wake upo. Shule za kimataifa zinafunga mwezi wa sita, na familia za wageni wa Masaki, Oysterbay na Mikocheni ambazo mikataba imeisha zinafungasha. Mtu anayepanda ndege wiki ijayo hana muda wa kuvutana bei. Changu nilikipata hivyo kwa laki na ishirini, pamoja na chandarua. Kwa hiyo anza kutafuta sasa, usingoje tumbo likuzidi.

Hela haitangulii hata siku moja. Akikwambia kuna mwingine yuko njiani, tuma nusu pamoja na ya kutolea, huyo mwache hata kama picha zimekupendeza. Nenda mchana na mumeo, kague, lipa kitu kikiwa mikononi mwenu. Kitanda kikifunguliwa skrubu, mbavu zake zinaingia kwenye bajaji. Ungekodi kirikuu kutoka Masaki hadi Segerea, nusu ya ulichookoa ingeishia barabarani.

Nguo za mtandaoni hazilipi, nauli inazidi bei. Nenda soko la mitumba la Karume asubuhi wanapofungua belo, chagua, fua kwa maji ya moto, piga pasi nje na ndani. Nguo za ndani nunua mpya, hata TBS, shirika la viwango, wamekataza za mitumba. Chuchu za chupa vilevile, mpya.

Mama mkwe usibishane naye. Kitanda kikifika, mpe yeye kazi ya kukifuta na kukianika juani. Wangu alilainika hivyo.

fundi_keko
Naongezea kwenye kitanda, ndiyo kazi yangu. Nenda na futi kamba. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, zaidi ya hapo mwili wa mtoto unapenya na kichwa kinakwama. Kile ambacho ubavu mmoja unapanda na kushuka usinunue hata kwa elfu kumi. Watoto walifariki kwa kunaswa pale ubavu ulipochomoka, na Marekani walizuia kuviuza tangu 2011, lakini kwenye makontena bado vinaingia. Kitikise kwa nguvu. Kikilia, muulize mwenyewe skrubu ziko wapi, zikikosekana zenye kipimo chake ni shida kupata. Halafu washa tochi ya simu, mulika kwenye maungio na chini ya chaga. Vidoadoa vyeusi ni kunguni, ondoka hapohapo. Rangi inayobanduka nayo hapana, maana meno yakianza kuota atatafuna.

Baba_Ukonga
Kwa wenye magari wanaosoma hapa: kiti cha gari cha mtoto msinunue kwa msiyemjua. Kikishapata ajali hakifai tena, na kwa macho huwezi kuona. Mimi nilichukua cha dada yangu, ambacho historia yake naijua. Geuza, utakuta tarehe ya kutengenezwa kwenye plastiki, ujue umri wake. Tafuta pia lebo ya viwango vya usalama, R44 au R129. Na mtoto mchanga atazame nyuma, kiti kiwe siti ya nyuma.

Segerea_Mwisho
Asanteni, nimesoma yote na mume wangu. Kuna tangazo la Mikocheni, nimeuliza swali la Mama Ilham, dada wa watu kanitumia sauti ya dakika mbili! Anataka laki na arobaini, tunakwenda Jumapili. Godoro lake limechoka. Fundi, niagize la ukubwa gani?

fundi_keko
Usiagize kabla hujapima kitanda kwa ndani. Likatwe kwa kipimo hicho, gumu, pembeni visipite vidole viwili. Na hiyo mito ya kuzungushia ubavuni akikupa bure, usiiweke kitandani, inaziba pumzi.