Waksi ya gari: nipake kwa mkono au nipeleke kwenye mashine?

mdau_makorora:
Wakuu heshima kwenu. Nina Crown nyeusi, ilivyotoka bandarini ilikua inawaka balaa, sasa hivi ukiiangalia juani boneti imejaa vimistari vya duara kama utando wa buibui na kwenye paa imeanza kupauka. Nimenunua waksi ya kopo, ile ngumu ya carnauba. Sasa kijana anaeosha magari huku Ngamiani ananiambia kwa mkono ntajichosha bure waksi haitaingia, nimpe elfu sitini apige mashine. Shemeji yangu nae kasikia kaja juu, eti mashine inakula rangi. Nimsikilize nani? Alafu bampa la mbele limepigwa rangi wiki iliyopita, bodaboda alinivaa pale raundi abauti, nalo nilipake? Gari inalala nje, na kazini napaki jirani na malori ya simenti.

fundi_rangi_chuda:
Kila mmoja kashika nusu. Kwanza waksi haiingii popote mkuu, upake kwa mkono au kwa mashine inakaa juu ya klia (ule utando mwangavu unaofunika rangi) basi, kazi yake kuzuia maji na uchafu usishike na kuongeza mng'ao. Hiyo mistari yako haiondoki kwa waksi, itafichika kidogo, ukiosha mara kadhaa inarudi palepale. Kinachoondoa mistari ni polishi au kompaundi, ile ina chembe za kusaga, inapunguza klia kidogo mpaka usawa wa mkwaruzo. Hapo ndio shemeji ana hoja. Klia ya kiwandani ni kama maikroni 40 au 50 hivi, nyembamba kuliko unywele, kila ukipiga kompaundi unaila na haioti tena.

Kwahiyo muulize kijana anapiga NINI. Akisema anapiga waksi tu kwa mashine, hiyo kazi hata wewe unaiweza na elfu sitini yako ikabaki mfukoni. Akisema kompaundi kwanza kisha waksi, hapo mashine inahitajika kweli, mkono hautoboi kwenye boneti nzima ya Crown.

Bampa acha kabisa. Rangi mpya inapumua, thina bado inatoka, ukiifunika na waksi unaifungia ndani. Kuna wanaosema mwezi kuna wanaosema mpaka siku 90, mimi wateja wangu nawaambia wangoje miezi miwili wanaoshea maji tu.

bi_pangani:
Mimi Noah yangu napaka kwa mkono mwenyewe na wala sichoki, siri ni kupaka kidogo. Wengi wanapaka nene wakidhani ndio itang'aa, matokeo yake inagoma kufutika wanaanza kulalama mikono inauma. Chukua sponji, gusa waksi kidogo, paka kipande kimoja kimoja, mlango huu ukimaliza ndio uende wa pili. Ikifanya ukungu pitisha kidole, kidole kikiacha njia safi haivuti basi imeiva, futa na taulo ya maikrofaiba (sio fulana kuukuu jamani, yale mashono yanachora).

Na usifanye juani!! Joto letu hili boneti ikishachemka waksi inakaukia hapohapo. Mimi nafanya alfajiri au baada ya alasiri chini ya kivuli cha nyumba, sio chini ya mwembe, mwembe unadondosha utomvu utaanza upya. Siku za unyevu inachelewa kukauka, usiwe na pupa.

Kabla ya yote osha vizuri, na sio kwa sabuni ya unga, inakwangua waksi yote ya zamani na kuifubaza rangi. Ukishakausha vaa mfuko wa mkate mkononi (ile mingine si ilipigwa marufuku 2019 😄) upapase boneti, utasikia chengachenga ambazo mkono mtupu hauzisikii. Hizo zinatolewa na klei, ule udongo laini wa kusafishia rangi, unauteleza na maji ya sabuni. Ukipaka waksi juu ya chenga umezifunika tu.

mkonge_oto:
Dada umesema vema lakini mashine msiiseme vibaya yote. Kuna mashine mbili. Ya kwanza inazunguka tu mhimili mmoja, hiyo ndio inaunguza rangi, hasa kwenye kona na kingo za milango maana pale rangi ni nyembamba, ukikaa sekunde chache sehemu moja umeona chuma. Ya pili inazunguka huku inayumba, wenyewe wanaiita DA, ukiikandamiza sana sahani inaacha kuzunguka yenyewe kwahiyo hata mgeni sio rahisi kuharibu. Mimi waksi ya maji napaka kwa DA, spidi ya chini kabisa na pedi laini, inatandaa sawasawa na nakunywa waksi kidogo kuliko kwa mkono, kwa gari kubwa kama Land Cruiser naokoa muda sana.

Ila waksi ngumu ya kopo kama ya mleta mada kuipandisha kwenye pedi ni usumbufu, inashika madonge. Na hata ukipaka kwa mashine kufuta utafuta kwa mkono vilevile. So kwa kopo hilo, mkono.

fundi_rangi_chuda:
"nakunywa waksi kidogo" 😂😂 usije ukafa bana

mkonge_oto:
😂 natumia, natumia! Simu hii

mzee_wa_504:
Vijana, muulizeni namba ya rangi kwanza. Fungua boneti usome kibati, pale penye C/TR. Ikiwa 202, hiyo nyeusi ya Toyota inasifika kwa ulaini, kitambaa kibaya tu kinaichora, na nyingi hazina klia juu. Jaribu polishi kidogo pembeni na kitambaa cheupe, kitambaa kikitoka cheusi ujue hakuna klia unakwangua rangi yenyewe, kama hii Peugeot yangu. Si vibaya, ila huyo kijana asiende na kompaundi ya kukwaruza, aanze na polishi laini kabisa.

Na hilo la simenti ndilo kubwa kuliko waksi. Vumbi la simenti usilifute kavu hata siku moja, ni msasa ule. Likipata umande linaganda. Mwagia maji mengi kwanza, palipoganda weka siki nyeupe iliyozimuliwa na maji, iache ilainike bila kukauka, kisha suuza. Hapo waksi inasaidia kweli, vumbi halikamati sana.

mdau_makorora:
Shikamoo mzee, ahsante. Nimetoka kuangalia, ni 202 kweli! Na nimempigia yule kijana nikamuuliza mashine gani, kanitumia picha. Ni grenda ya kukatia vyuma kafunga sponji la manyoya 😳

fundi_rangi_chuda:
Kimbia!! Grenda inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, mashine ya polishi kwa kazi hiyo inatembea 1,000 mpaka 1,500 hivi, ile ya kwake haina hata pa kupunguza. Kwenye 202 atakuachia ramani.

mzee_wa_504:
Marahaba. Paka waksi yako kwa mkono hiyo Jumamosi, mistari iache mpaka upate mwenye DA. Plastiki nyeusi za kwenye vioo usiziguse na waksi, zinabaki na weupe hautoki.

mdau_makorora:
Sawa mzee. @mkonge_oto upo wapi, na kwa gari nzima polishi na waksi unachukua ngapi?

mkonge_oto:
Nipo Raskazone, njoo pm tuongee, ila uje asubuhi umeme ukiwepo