Ushauri jamani: kupanga mafaili ndani ya terminali, nibaki na mc au nihame?

Mgeni_wa_Seva

Wakuu, habari za kazi.

Nimekabidhiwa seva ya Debian ambayo haina madirisha wala picha, naingia kutoka mbali kwa ssh tu. Amri za kawaida (ls, cp, mv, rm) hazinisumbui. Kinachonisumbua ni folda moja iliyogeuka jalala: logi za zamani zilizobanwa, picha zenye majina marefu, nakala za hifadhidata, vyote humo humo. Kila jina lenye nafasi au mabano katikati linanitaka nihangaike na alama za nukuu, na nikikosea kidogo mv inalalamika. Nataka niyaone mafaili, nichague ninayoyataka, niyahamishie diski ya pili.

Nimeanza na mc (Midnight Commander, programu ya kupanga mafaili yenye paneli mbili) ila kuna mambo yananikwaza. Nikibonyeza F10 ili nitoke, menyu ya dirisha la terminali yangu ndiyo inayofunguka, mc yenyewe imetulia tu. Nikifanikiwa kutoka, najikuta kwenye folda niliyoanzia, wakati nilikuwa nimeshazama mbali. Halafu kufuta naogopa, maana sijaona pipa la taka popote.

Naona watu wanasifia ranger, nnn na yazi, programu nyingine za kazi hiyohiyo. Nihamie huko au nikomae na hii? Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Ganda

Komaa na mc, mkuu. Hayo yote yana dawa.

F10 inanyakuliwa na programu ya terminali kabla haijafika kwa mc. GNOME Terminal ina tabia hiyo, na unaweza kuizima kwenye mipangilio yake. Usipotaka kugusa mipangilio, bonyeza Esc, achia, kisha bonyeza 0. Esc ikifuatwa na tarakimu inahesabika kama kitufe cha F chenye namba hiyo: Esc 5 ni F5, Esc 8 ni F8, Esc 0 ni F10. Inafaa sana ukiwa kwenye kibodi ndogo ambayo safu ya F imefichwa.

Kuhusu kurudishwa ulikoanzia: mc ni mchakato mtoto wa ganda lako (shell, ile bash inayopokea amri zako), na mtoto hawezi kumbadilishia mzazi folda aliyomo. Kwa hiyo mc huja na hati ndogo ya kusaidia. Kwenye Debian weka hii ndani ya ~/.bashrc:

alias mc='. /usr/lib/mc/mc-wrapper.sh'

Ile nukta na nafasi baada yake usiziache. Ndizo zinazofanya hati iendeshwe ndani ya ganda ulilomo, si ganda jipya. Fungua kikao kipya cha ssh, na kuanzia hapo ukitoka kwa F10 unabaki pale ulipokuwa.

Sasa jalala lako. Paneli ya kushoto fungua folda yenye fujo, bonyeza Tab, paneli ya kulia nenda diski ya pili. Rudi kushoto kwa Tab. Hakikisha mstari wa amri kule chini uko mtupu, kisha bonyeza +. Kitafunguka kisanduku, andika *.log.gz halafu Enter. Yote yanayolingana yanabadilika rangi, na chini ya paneli unaona jumla ya ukubwa na idadi yake. Hapo usiwe na haraka: pitisha macho orodha yote. Ukiona moja usilolitaka, weka kishale juu yake ubonyeze Insert, au Ctrl-T kama Insert huna, linaondoka kwenye kundi. Ukiridhika, F6 (kuhamisha) na Enter.

Majina yenye nafasi na mabano sahau. Ukifanya kazi kwa F5 (kunakili) na F6 jina halipiti kwenye ganda, kwa hiyo hakuna cha kuwekea nukuu.

hjkl_damudamu

Mzee naye kwa mc yake! Hiyo ni mitindo ya enzi za DOS.

Mgeni, kama vi (kihariri cha maandishi) unaijua hata kidogo, onja ranger. Inakuonyesha safu tatu: folda mama kushoto, ulipo katikati, na kulia yaliyomo ndani ya kile kilicho chini ya kishale. Unatembea kwa h, j, k, l. Space inachagua, yy inanakili, dd inakata, pp inabandika. Hakuna kuhangaika na F10 wala Esc 0. Faida yake kubwa kwangu ni kwamba logi unaisoma palepale safu ya tatu bila kuifungua.

Na kama ranger itakuwa nzito (imeandikwa kwa Python, kwenye folda kubwa inasuasua), kuna yazi iliyoandikwa kwa Rust. Hiyo kubwa kwake ni kwamba kazi ndefu inazipeleka nyuma, wewe unaendelea kuzunguka. Na hofu yako ya kufuta imeshughulikiwa: d ndogo inapeleka kwenye taka, D kubwa inafuta moja kwa moja.

Mzee_wa_Ganda

Enzi za DOS ni kweli, wala sioni aibu. Miguel de Icaza aliianza mc mwaka 1994 akiiga Norton Commander, programu ya paneli mbili ya enzi hizo za DOS, na paneli mbili zimedumu kwa sababu kuhamisha ni kutoka hapa kwenda pale, na zote mbili unaziona. Kwenye ranger unakata, unasafiri, unabandika, na njiani lazima ukumbuke umebeba nini.

Kingine, seva si yake peke yake. mc ipo kwenye hazina za karibu kila distro (toleo la Linux), apt install mc basi. Kuanza kuleta programu kutoka nje kwenye seva ya watu kwa ajili ya kupanga folda moja, mimi nisingefanya.

Bi_Cron

Mnabishania vitufe wakati mwenzenu anataka kuhamisha mzigo kutoka diski moja kwenda nyingine kupitia ssh. Mgeni, kabla ya F6 yoyote soma hapa.

Ndani ya diski ileile, kuhamisha ni kubadilisha jina tu, kunaisha papo hapo hata faili liwe kubwa vipi. Kati ya diski mbili ni kunakili kwanza, kisha kufuta la mwanzo, na hilo linachukua muda. Mtandao ukikatika katikati, kikao cha ssh kinakufa na mc inakufa nacho, na wewe unabaki na nusu huku na nusu kule. Kwa hiyo anza kwa kuandika tmux, ndani yake ndipo uite mc. Mtandao ukikatika kazi inaendelea kule kule kwenye seva. Ukirudi, tmux attach, unaikuta.

Kama ni mzigo mzito kweli, nakala za hifadhidata hasa, mimi simpi mc. Naipa rsync -a (programu ya kunakili), maana ikikatika ukiirudia inayaruka mafaili yaliyokwisha kufika, halafu nikishahakikisha yote yamefika ndipo nafuta ya mwanzo.

Kufuta: mc haina taka. F8 ni sawasawa na rm, inakuuliza mara moja basi. Ninachofanya ni kutengeneza kwa F7 folda inayoitwa yasubiri, ndani ya diski ileile. Kila ninachotaka kukifuta nakisukuma humo kwa F6, na kwa kuwa ni diski ileile kinaingia mara moja. Huduma zote zikiendelea vizuri kwa siku kadhaa ndipo naiondoa. Wanaotaka taka ya kweli watumie vifm, nayo ina paneli mbili na vitufe vya vi, na dd yake hupeleka kwenye taka. Kwa nnn weka NNN_TRASH=1 baada ya kusakinisha trash-cli, programu ya pipa la taka.

Na logi ambayo bado inaandikwa usiifute. Jina litatoweka kwenye orodha lakini programu bado imeishikilia, na nafasi ya diski hairudi mpaka programu hiyo iifunge. Watu hushangaa df inaonyesha diski imejaa wakati folda ni tupu. Amri ya lsof +L1 itakuonyesha mafaili ya namna hiyo. Ukitaka kuipunguza bila kuifuta, truncate -s 0 na jina lake.

hjkl_damudamu

Bi Cron hapo kwenye tmux nimekuvulia kofia. Na hiyo inahusu programu zote, hata yazi: kazi ya nyuma ni ya nyuma ndani ya programu yenyewe, kikao kikifa nayo imekwenda.

Mgeni_wa_Seva

Nashukuru sana wakuu. Nimefuata njia ya Bi Cron, tmux kwanza kisha mc, logi zote zimehamia na ile hati ya kubaki ulipo inafanya kazi. Nakala za hifadhidata nimeziachia rsync.

Zimebaki picha. Nyingi zinaishia na .JPG kwa herufi kubwa, na programu inayozisoma inataka .jpg. Niandike kitanzi cha bash au mc inaweza? Pia nikiingia kutoka kompyuta nyingine yenye PuTTY (programu ya kuingilia kwa ssh), mistari ya fremu za mc inageuka vijiherufi vya ajabu.

Mzee_wa_Ganda

Inaweza. + kisha *.JPG kuzichagua, halafu F6. Kisanduku kina sehemu mbili za kujaza. Ya juu andika *.JPG, ya chini futa ile njia ya paneli ya pili iliyojazwa yenyewe, uandike *.jpg. Hakikisha alama ya kutumia ruwaza za ganda imewekwa. Nyota ya chini inachukua kile kilichokamatwa na nyota ya juu, kwa hiyo jina linabaki na mkia tu ndio unaobadilika. Usipoifuta njia ya paneli ya pili picha zitahama, basi angalia vizuri kabla ya Enter.

Fremu: kwenye PuTTY weka seti ya herufi iwe UTF-8, na kule kwenye seva andika locale uone kama LANG nayo inaishia na UTF-8. Zikitofautiana ndipo hutokea hayo. Kama una haraka, mc -a inachora fremu kwa alama za kawaida za kibodi. Haipendezi lakini inasomeka.

Bi_Cron

Nyongeza kwenye hizo picha: kama kuna IMG1.JPG na img1.jpg pamoja hakuna shida, Linux inayaona ni mafaili mawili tofauti. Lakini kukiwa na IMG1.JPG na IMG1.jpg, mc itakusimamisha ikuulize kama ibatilishe lililopo. Usijibu ndiyo kwa yote. Ruka, kisha ulinganishe hayo mawili kwa F3 (kutazama).

Mgeni_wa_Seva

Yapo kweli ya namna hiyo, imeniuliza. Nimeyaruka, nayapitia moja moja. Na sudo mc je, ni sawa? Baadhi ya mafaili yanamilikiwa na mtumiaji mwingine.

Bi_Cron

Inafanya kazi, ila ndani yake F8 haina wa kuizuia popote kwenye mfumo. Ingia kama mtumiaji huyo mwenyewe: sudo -u jina_lake mc. Ukigusa kisicho chake utakataliwa.