Kijana yuko nje kwa leseni Uingereza, probesheni wamemwambia asiende tena kuripoti. Naweza kumpeleka Tanga?

Mama_Mkwakwani: Wakuu habari zenu. Niko Leicester, naombeni ushauri kabla sijalipia tiketi. Kijana wangu alifungwa miaka 3, akatoka nusu, nusu iliyobaki anaimalizia nje kwa leseni, yaani yuko huru kwa masharti. Alikuwa anaripoti probesheni, ile idara inayosimamia waliotoka jela, na maafisa wamebadilika mpaka nimeacha kushika majina. Juzi kapigiwa simu, kaambiwa hana haja ya kwenda tena, serikali imebadilisha utaratibu. Leseni yenyewe inaisha mwakani mwezi wa nne. Bibi yake aliyemlea yuko hoi Tanga. Mdogo wangu anasema kijana ameshaachiwa, mpandishe ndege. Baba yake hataki hata kusikia. Nimsikilize nani?

Kaka_wa_Luton: Msikilize mzee. Tiketi weka kando kwanza.

Sagamba: Ameambiwa asiende, sasa kosa liko wapi? Watu mnapenda kuogopa serikali.

Bi_Shamsa: Sagamba, usimponze mtoto wa watu. Dada, pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi ofisi za probesheni huku, ngoja nieleze.

Huo utaratibu ulianza Aprili 2024. Magereza yalikuwa yamefurika, maafisa hawatoshi, wakaamua theluthi ya mwisho ya usimamizi watu wengi wasiitwe tena, ili afisa abaki na wale wa hatari zaidi. Kilichosimama ni miadi tu. Leseni iko palepale na masharti yake yote mpaka siku ya mwisho, na akivunja sharti anaweza kurudishwa ndani.

Chukua ile karatasi aliyosaini siku anatoka. Kuna sharti kwamba hatoki nje ya Uingereza bila ruhusa ya afisa anayemsimamia. Kutoitwa ofisini si ruhusa ya kusafiri.

Kaka_wa_Luton: Hapo kwenye maafisa kubadilika, kuna historia. 2014 serikali iliigawa probesheni vipande viwili: wahalifu wa hatari kubwa wakabaki serikalini, wengine wote wakapewa kampuni 21, na mwaka uliofuata kampuni hizo zikaingia mikononi mwa watu binafsi. Ikawa vurugu. Wakaguzi walikuta watu wanasimamiwa kwa simu tu, wengine simu moja kila wiki 6! Machi 2019 mkaguzi mkuu, Glenys Stacey, akasema mfumo huo una kasoro zisizorekebishika. Juni 2021 kazi yote ikarudi serikalini. Kila mageuzi mafaili yanahama mikono, na wazoefu wanaondoka. Mimi nalaumu waliobinafsisha, siyo huyo afisa wa kijana wako.

Mama_Mkwakwani: Ahsanteni sana. Karatasi nimeitoa kabatini, hilo sharti lipo kweli. Mwanangu hakuwahi kulisoma. Sasa ruhusa naombaje, na afisa mwenyewe hatumjui?

Bi_Shamsa: Aombe yeye mwenyewe, si wewe, ni mtu mzima. Apige ofisi aliyokuwa akiripoti, aulize jina la anayeshika faili lake sasa, lazima yupo. Kisha aandike baruapepe: anakwenda wapi, atafikia kwa nani, tarehe za kwenda na kurudi, na sababu. Kwa kawaida hawatoi kwa harusi wala likizo, ila ndugu wa karibu akiwa mahututi wanaangalia. Aseme wazi kwamba bibi ndiye aliyemlea, maana kwenye makaratasi yao bibi si mzazi. Aambatanishe barua ya daktari. Jibu liwe la maandishi. "Sawa" ya kwenye simu haitamsaidia afisa akibadilika tena.

Sagamba: Kumbe. Basi nafuta kauli. Na wakikataa?

Bi_Shamsa: Aombe sababu kwa maandishi, anaweza kulalamika. Ila haendi.

Mama_Mkwakwani: Barua ya daktari imeandikwa Kiswahili, inafaa?

Bi_Shamsa: Itafsiriwe, zitumwe zote mbili. Mwambie daktari aweke na namba ya simu ya wodi, wakitaka kuhakikisha.

Mama_Mkwakwani: Sawa dada. Jumatatu asubuhi anapiga, nitakuwa nimekaa naye.