Kauri kwenye mkanda wa bibi: zilifikaje Mpwapwa, na je, zilikuwa fedha?

Mjukuu wa Mpwapwa (Dodoma Mjini)

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa mambo ya kale na wa mambo ya bahari. Marehemu bibi yetu aliyekuwa akiishi Mpwapwa alituachia mkanda wa ngozi ya mbuzi ulioshonewa safu mbili za kauri, yaani magamba ya konokono wa baharini, na mama anasema kwamba bibi naye aliurithi kwa mama yake. Kauri zote zimekatwa migongo, chache zimepasuka, na uzi umeoza kiasi kwamba kila tukiukunjua mkanda hudondoka moja au mbili. Mfanyabiashara wa vitu vya kale aliyeuona anasema kuwa hizi ndizo zilizokuwa fedha za Wagogo kabla ya kuja kwa Wajerumani, na kwa sababu hiyo anataka kuununua mkanda mzima. Kaka yangu ameshaanza kushawishika, lakini mimi bado nasita. Ningependa kuelewa konokono wa baharini alifikaje katika nchi kavu kama hii yetu, kama ni kweli kwamba watu wa hapa walinunua na kuuza kwa kauri, na jinsi ninavyoweza kuukarabati mkanda bila kuuharibu.

Mwalimu wa Historia (Kongwa)

Ndugu Mjukuu, pole kwa kufiwa na bibi, na hongera kwa kuuliza kabla ya kuuza.

Swali la njia lina jibu la wazi. Mpwapwa ilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Tabora na Ujiji, kwa sababu hapo wapagazi walipata maji na chakula kabla ya kuivuka Marenga Mkali, ile nyika isiyo na maji ya kutegemea iliyo kati ya Mpwapwa na Ugogo. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, lakini wao waliikuta ikiwa tayari imekanyagwa kwa miaka mingi na wafanyabiashara wa Kinyamwezi, wa Kiswahili na wa Kiarabu. Kitu chochote cha pwani, kuanzia chumvi hadi kauri, kiliweza kumfikia mama wa bibi yako kwa njia hiyo.

Swali la fedha ndilo linalohitaji uangalifu, na hapa simuungi mkono huyo mfanyabiashara. Watemi wa Ugogo waliwatoza wenye misafara hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi yao, na wasafiri waliolalamikia hongo hiyo waliandika kwa kirefu walichotoa: merikani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi), kaniki (kitambaa cheusi), vitambaa vya rangi, shanga na waya. Kitambaa ndicho kilichokuwa kipimo cha mambo, kwa kuwa mtu aliweza kukivaa, kukikata na kukigawa. Hata huko Ujiji, sokoni watu walihesabu kwa shanga zilizoitwa sofi. Kwa hiyo kauri za mkanda wenu zina thamani kubwa kama pambo na kama kumbukumbu ya ukoo, lakini kuziita fedha za Wagogo ni kuwavika Wagogo historia ya watu wengine.

Msafiri wa Singida

Mwalimu, nakuheshimu, lakini Buganda kauri zilikuwa fedha hasa, na zilipita njia hii hii. Huoni kwamba zingeweza kutumika kama fedha na hapa zilipokuwa zikipita?

Mwalimu wa Historia (Kongwa)

Hoja yako ni nzuri, ndugu Msafiri, na nusu yake ni kweli. Kauri nyingi zilizoingia Buganda zilitoka pwani yetu, zikapita Tabora na Karagwe, na huko zilitungwa mia mia kwenye uzi mmoja ili zihesabike upesi. Zilitumika hadi mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni ilipoacha kuzipokea katika malipo ya kodi. Hata hivyo, mali kupita mahali hakuifanyi kuwa fedha ya mahali hapo. Mfanyabiashara aliyebeba kauri kutoka Unguja alizibeba kwa sababu alijua kwamba mbele ya safari ni adimu na zinatakiwa, na kila alipokuwa karibu na bahari ndivyo zilivyokuwa rahisi.

Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, alilishuhudia jambo hili katika karne ya 14. Alipokuwa Maldivi, visiwa vya Bahari ya Hindi ambako kauri huvuliwa, aliona watu wakitoa kauri 400,000 kwa dinari moja ya dhahabu, na pengine hata 1,200,000. Alipofika Mali, ng'ambo ya jangwa la Sahara, dinari hiyo hiyo ilipata kauri 1,150 tu. Tofauti hiyo ndiyo iliyowatajirisha wachukuzi kwa karne nyingi, wakiwamo Wazungu waliozisafirisha hadi pwani ya Afrika Magharibi na kununulia watu waliouzwa utumwani. Siwezi kuzungumzia uzuri wa kauri nikaliacha hilo bila kulitaja.

Mwisho wake pia unatuhusu sisi. Katika miaka ya 1840, wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba kauri za Unguja na mwambao wa Afrika Mashariki zinapatikana kwa bei ndogo kuliko zile za Maldivi, wakaanza kuzipeleka Afrika Magharibi kwa shehena kubwa. Zilikubalika sokoni, lakini kwa wingi wake zikaishusha thamani ya kauri zote, na waliokuwa wameweka akiba yao katika kauri wakaona akiba hiyo ikiyeyuka.

Mzaliwa wa Mafia (nasoma Dodoma)

Mwalimu ametaja kauri za Maldivi na za Unguja, nami naomba kueleza tofauti yake, maana Mjukuu anaweza kuitafuta kwenye mkanda wake. Ya kwanza ni *Monetaria moneta*, ambayo ni ya manjano au nyeupe na ina vinundu pembeni, hasa upande ulio mpana, hivyo ukiilaza kifudifudi umbo lake lina pembe pembe. Ya pili ni *Monetaria annulus*, yenye umbo la yai lisilo na vinundu na duara la rangi ya chungwa mgongoni. Kwa kuwa zenu zimekatwa migongo, hilo duara mtakuwa mmelikosa, kwa hiyo tazameni ukingo. Ukingo ulio laini kote ni dalili ya aina ya pili, na hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiiona kwa wingi zaidi kwetu. Aina zote mbili huishi katika bahari yetu, kwa hiyo vinundu peke yake si ushahidi kwamba kauri imetoka Maldivi.

Mnyama mwenyewe huishi kwenye maji mafupi, chini ya mawe na katikati ya matumbawe, akila mwani. Akiwa hai hulifunika gamba lake lote kwa ngozi laini inayopanda kutoka pande zote mbili, na ngozi hiyo ndiyo inayolijenga na kulifanya ling'ae bila kupigwa msasa na mtu. Akiwa mchanga gamba lake ni jembamba na mdomo wake ni mpana. Akikomaa mdomo hujikunja ndani, meno hutokea, na tangu hapo haongezeki urefu bali gamba huongezeka unene. Jike hukaa juu ya mayai yake akiyalinda, kwa hiyo anayegeuza jiwe na kuliacha limepinduka huangamiza zaidi ya alichookota.

Kwa sababu hiyo, ndugu Mjukuu, ukihitaji kauri za kujazia pengo, usimwagize mtu akuletee mpya kutoka pwani. Tafuta zilizotoka kwenye mapambo mengine yaliyochakaa.

Fundi Shanga (Majengo)

Mwanangu, nimeshona ngozi na shanga kwa miaka mingi, nami nitakueleza la mikono tu. Usizioshe kauri kwa ndimu, siki wala dawa ya kung'arishia vyoo, kwa sababu asidi hula gamba na mng'ao hauwezi kurudi. Chukua brashi laini iliyo kavu, uondoe vumbi kwenye meno polepole, kisha uziache na rangi yake ya uzee. Ngozi usiilowanishe na usiianike juani.

Kata uzi wa zamani kidogo kidogo, kauri moja baada ya nyingine, na uipige picha kila safu kabla hujaigusa ili mpangilio usipotee. Tumia uzi wa pamba uliopakwa nta, kwa maana uzi wa nailoni hukaza na kuichana ngozi kuukuu. Pitisha sindano kwenye matundu yale yale ya mwanzo, uingie kwenye tundu la mgongo na kutokea mdomoni, na usivute kwa nguvu. Zilizopasuka usizitupe, zishone katikati ya nzima mbili ili zisikwaruzwe.

Ukinunua za kujazia, jihadhari na za plastiki. Kauri ya kweli ni baridi mkononi na nzito kuliko unavyotarajia, na meno yake hayalingani moja kwa moja. Za kiwandani zote zina meno sawasawa kwa sababu zimetoka kwenye kalibu moja. Kaka yako naye mwambie asubiri, kwani aliyekuja na maelezo yasiyo ya kweli kuhusu mali yenu hawezi kuwa mtu sahihi wa kuwapangia bei.

Mjukuu wa Mpwapwa

Nawashukuru nyote, shikamooni. Nimezitazama kwenye mwanga: karibu zote zina ukingo laini, isipokuwa tatu zilizo kwenye kifungo, ambazo zina vinundu. Mwalimu, Jumamosi nitamleta mama Kongwa na mkanda ukiwa bado haujafunguliwa, akueleze majina ya waliouvaa kabla ya bibi.