Kadi za posta za majengo ya kale ya Ethiopia: mpya, za zamani, au zilizotumwa?

MwanaMkomani (Lamu)

Assalaam aleikum wanajamvi. Marehemu babu yangu alikuwa baharia wa jahazi. Katika kasha lake tumekuta kadi 14 za posta, zote za majengo ya kale ya Ethiopia. Mwenyewe hakuwahi kuipanda nchi ile ya milima, kadi alipewa na rafiki zake bandarini Massawa. Sita ni za majumba ya Gondar, tano za makanisa ya Lalibela, tatu za Aksum. Zimenishika moyo, nami nataka kuendeleza pale alipoachia.

Akiba yangu ni shilingi 8,000. Nikamilishe Lalibela, makanisa yote 11, kwa kadi mpya za bei nafuu? Au fedha yote iende kwenye kadi mbili tatu kongwe? Au nitafute mtu kule anitumie moja moja kwa posta? Albamu ninayo moja tu, kwa hiyo lazima nichague.

BiShela

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi sina shaka: kadi iliyotumwa. Kadi mpya isiyoandikwa ni picha tu, hata kalenda inayo. Iliyotumwa ina stempu ya nchi ile, ina muhuri, na ina mkono wa mtu aliyekaa akakuandikia baada ya kushuka kwenye lile shimo la Bete Giyorgis, kanisa la Lalibela lililochongwa chini ndani ya mwamba. Sisi watu wa Lamu posta ni jambo letu la zamani. Wajerumani walifungua ofisi yao ya posta mjini kwetu 1888, wakaifunga 1891, na nyumba ile bado ipo.

Andika anwani kwa herufi kubwa, namba ya sanduku, kisha LAMU 80500, KENYA. Halafu subira. Kuna iliyonifikia baada ya miezi mitano, pembe imekunjika, na sikuipenda pungufu hata chembe.

Msafiri_Malindi

Bi Shela, shikamoo. Kwa heshima zote, hapo tunatofautiana. Pembe ikishakunjika haikunjuki. Ningekuwa yeye, fedha ningetia kwenye kadi kongwe, maana mpya zitakuwepo hata mwakani.

Ila ajifunze kwanza kuangalia mgongo. Zamani mgongo wote ulikuwa wa anwani peke yake, na salamu ziliandikwa upande wa picha. Uingereza iliruhusu mstari wa kati, unaotenga anwani na salamu, 1902, nchi nyingine zikafuata miaka michache baadaye. Mgongo usio na mstari, basi, kwa kawaida ni wa kabla ya 1907 hivi. Kadi yenye stempu iliyoandikwa *Africa Orientale Italiana* haiwezi kuwa ya kabla ya 1938, maana Waitalia waliikalia Ethiopia 1936 hadi 1941 na jina hilo likaingia kwenye stempu katikati ya kipindi hicho. Na akiona tarehe ya mkono inayopingana na stempu, asikimbilie kusema ni ya uongo: kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane.

Mimi niliwahi kuuziwa kadi ya kanisa la Bete Maryam kwa picha ya simu. Muuzaji aliniapia ni ya enzi za Haile Selassie, na mgongo kweli ulikuwa wa rangi ya chai. Ilipofika nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Juu ya kanisa kulikuwa na ukingo wa lile paa kubwa la kuzuia mvua, na mapaa yale yaliwekwa Lalibela miaka ya 2000. Fedha haikurudi. Tangu siku hiyo kwanza naangalia jengo, ndipo naangalia karatasi.

FundiLangoni (Lamu)

Mnabishana juu ya kununua, na zile 14 ziko kasha gani? Mimi ndilo linalonitia hofu. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zinanywa unyevu, na ikija masika ukuta unatoa jasho. Kasha lisigusane na ukuta wala sakafu. Usibandike kwa gundi, tumia vipembe vya karatasi. Usizifunike kwa joto la mashine ya plastiki, utakuwa umeziua. Albamu zenye plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni ziepuke, plastiki ile baada ya miaka inanata na kula wino. Tafuta mifuko ya plastiki aina ya polipropilini. Vile vifuko vya chengachenga za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu visitupwe, vitie kashani na uvibadilishe. Nimepoteza picha za harusi ya mama yangu kwa kuvu, sitaki mwingine yamfike.

MwalimuGede

Nimesoma wote, na naona swali lenyewe ligeuzwe. Asikusanye mahali pengi, akusanye mahali pamoja kwa miaka mingi. Kadi 11 za makanisa 11, zote zimepigwa mwaka mmoja, zitamwambia nini? Lakini kadi tano za jengo moja, za nyakati tano, hizo zinasema. Chukua Gondar, mji ambao mfalme Fasilides aliufanya makao yake 1636. Kuna majumba pale yaliyoumizwa na mabomu ya Waingereza 1941. Ukiwa na kadi ya kabla na ya baada, utauona mwenyewe ukuta uliokosekana.

Na kuna Aksum. Nguzo ya jiwe yenye kimo cha mita 24 ilichukuliwa na Waitalia 1937, wakaisimamisha Roma, mbele ya jengo ambalo baadaye likawa makao makuu ya shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO. Katika mkataba wa amani wa 1947 Italia ilikubali kurudisha ilivyochukua. Nguzo ilibaki palepale hadi 2003 ilipotenganishwa, ikarudishwa kwa ndege 2005 katika vipande vitatu, ikasimamishwa tena Aksum 2008. Fikirini basi: kwa zaidi ya miaka 60, mwenye kutaka kadi ya nguzo hii alipaswa kutafuta kadi za *Roma*! Wauzaji huzitia kwenye fungu la Italia, na wengi hawajui wanauza nini. Nilizo nazo nimezipata kwa bei ya vikombe viwili vya kahawa.

Sisi wa Malindi tunapita kila siku karibu na nguzo ya Vasco da Gama, na mwanawe Cristóvão aliuawa Ethiopia 1542 baada ya kutekwa vitani. Labda ndiyo maana mawe ya kule yananiita.

MwanaMkomani

Maalim, nimeinuka kitini nikalifungua kasha. Zile tatu za Aksum: mbili ni za nguzo iliyosimama na ile kubwa mno iliyoanguka na kuvunjika. Ya tatu nilidhani ni Aksum kwa sababu ya nguzo, kumbe nyuma yake kuna barabara pana na magari, na mgongoni pameandikwa Roma. Babu ameandika kwa herufi za Kiarabu: "Hii nayo ni yao."

Basi nimeamua, naifuata nguzo hii. Fundi, kasha nimeshaliondoa ukutani. Ninachokosa ni picha yake baada ya kurudi nyumbani.

MwalimuGede

Ninayo ya ziada, nguzo imesimama Aksum na mbingu nyuma yake. Weka akiba yako. Nipe namba ya sanduku kwa ujumbe wa faragha. Niitie ndani ya bahasha isalimike, au niitume wazi ipigwe muhuri wa Malindi?

MwanaMkomani

Wazi, maalim. Na uandike kidogo mgongoni.