Naomba ushauri: nionyesheje darasani jinsi chumvi inavyozuia maji kuganda Mirihi?

Ndugu wanajamvi, ninaandaa somo la sayansi kuhusu sayari ya Mirihi, ambako mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta udongoni chumvi za perkloreti. Chumvi hizo hufyonza mvuke kutoka hewani hadi zikayeyuka, nayo perkloreti ya kalsiamu huweza kuyaacha maji bila kuganda hadi nyuzi 75 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Chumvi yetu ya mezani, ambayo hapa Tanga hulowa yenyewe koponi wakati wa masika, huishia nyuzi 21 tu. Nilipoichanganya na barafu iliyopondwa, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 14 chini ya sifuri, kisha kikagoma. Je, nijaribu kloridi ya kalsiamu, na wanafunzi wachukue tahadhari gani?