Ushauri: Sambizanga kwenye vibanda vya video, itafsiriwe kwa mdomo au tuiache ilivyo?

BintiBusia:
Habari za jioni, ndugu zangu. Niko Busia, upande wa Uganda. Kuna filamu imenikosesha usingizi: Sambizanga ya Sarah Maldoror, ya mwaka 1972. Inahusu Angola ya 1961, ila ilipigwa picha Kongo-Brazzaville maana Angola yenyewe ilikuwa bado mikononi mwa Wareno. Domingos, dereva wa trekta, anakamatwa nyumbani. Mkewe Maria anamfunga mtoto mgongoni, anazunguka kituo kwa kituo akimuulizia, na kila anapofika anaambiwa aende kwingine. Huko ndani mume anapigwa ili awataje wenzake, naye hasemi.

Mwaka 2021 ilitoka nakala iliyokarabatiwa na The Film Foundation pamoja na Cineteca di Bologna, na sasa inatazamwa kwenye matamasha ya filamu. Mimi nataka ifike kwenye mabenchi ya kibanda: Busia, Tororo, hata kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Niliomba ruhusa ya onyesho moja la majaribio, nikapewa. Nikaalika akina mama wa sokoni, kama arobaini hivi. Kwenye filamu wanaongea zaidi Kireno, maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Nusu saa haijaisha, wengi wanatazama mlango. Lakini benchi la mbele alikuwepo mama mmoja muuza mukene (dagaa) na mjukuu wake wa P6, darasa la sita. Kila mara anamgusa: "Anasema nini?" Mtoto anamnong'oneza kwa Kiswahili. Mara nikasikia mabenchi yanakwaruza sakafu. Watu walikuwa wanamsogelea mtoto mmoja mmoja, na kufikia mwisho karibu nusu ya waliobaki walikuwa wamemzunguka.

Sasa naomba ushauri. Nimpe maikrofoni VJ, yule anayetafsiri filamu kwa mdomo kibandani? Mnajua vijei wetu: vichekesho, majina ya mtaani, kelele. Naogopa kuiharibu. Au nitafute pesa tuweke maandishi ya Kiswahili? Na vibali je?

MtafsiriMalaba:
Dada, hii ndiyo kazi yangu, mwaka wa tisa huu. Tunatania kwa sababu tunaletewa filamu za risasi na magari. Msibani hatutanii. Nipe filamu wiki moja kabla. Nitaitazama mara ya kwanza nimefunga mdomo, ndipo nianze kuandika. Maria akiwa anatembea, maikrofoni inazimwa kabisa. Wafungwa wakiimba, siigusi. Vijei wengi huiminya sauti ya filamu mwanzo hadi mwisho ili yao isikike. Hapo ndipo filamu inapofia. Mimi nitashusha wanapoongea tu, nipandishe tena. Maandishi weka ukipenda, lakini yule mama wa mukene hatayasoma.

FundiProjekta:
Sikubaliani sana na VJ, ila hilo muamue wenyewe. Langu ni mitambo. Usikubali kutumiwa ile nakala ya majumba makubwa ya sinema (DCP). Mara nyingi imefungwa kwa ufunguo unaofanya kazi kwenye mashine moja kwa tarehe maalumu, kibandani hutaifungua. Omba faili la kawaida au Blu-ray. Halafu fika mapema uangalie mipangilio ya projekta. Vibanda vingi huvuta picha ijae ukuta mzima, nyuso zinakuwa pana kama zimevimba. Wamehangaika kurudisha rangi za watu hawa, halafu sisi tuwavuruge sura? Ziba matundu ya mabati kwa magunia, au subiri giza. Na jenereta liwe mbali, nyuma ya nyumba nyingine kabisa. Ukimya wa Maria hautasikika juu ya jenereta.

MzeeTororo:
Mwanangu, usiione tafsiri ya mdomo kama uhuni wa vijana. Tukiwa wadogo gari la sinema la serikali lilikuja kijijini, shuka likatundikwa, na pembeni alisimama mkalimani na kipaza sauti. Zilikuwa filamu za kilimo na usafi, lakini mpaka leo sauti yake naikumbuka kuliko picha. Mchague mtu ambaye watu wakimsikia watamwamini.

Wakili_wa_Mtaa:
Vibali: kuainisha filamu ni kazi ya Baraza la Habari (Media Council), anzia huko. Kisha barua kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), nakala polisi. Andika wazi kwamba ni filamu ya kisiasa kuhusu Angola na Wareno. Sisi mwaka mmoja tuliandika "burudani" tu. Afisa alipofika akakuta watu wanajadili ukoloni, akatuona waongo, tukafunga kabla ya mwisho. Kosa lilikuwa la barua yetu. Na tafsiri ya mdomo nayo iombee ruhusa ya maandishi kwa wenye haki. Ruhusa ya kuonyesha pekee haitoshi.

MkongoNakivale:
Dada, huku Kiswahili kipo, watu wapo. Kibali utakipata kwa Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) hapa kambini. Ila elewa unakuja kwa nani. Wengi wetu tumezunguka kama Maria, tukiuliza mtu ambaye hakurudi. Kabla ya kuwasha, sema kuna kupigwa hadi kufa, anayetaka kutoka atoke bila kuulizwa. Watoto wasiingie. Ikiisha usikimbilie maswali. Kaeni kwanza.

BintiBusia:
Asanteni wote. Mtafsiri, nawaandikia wenye haki leo, wakikubali nakuletea faili Malaba mwenyewe. Fundi, sikuwa nimeijua habari ya ufunguo, umeniokoa.

Mkongo, ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Yule mtoto wa P6 aliona mtu akipigwa hadi kufa, na ni yeye aliyekuwa anayatamka maneno kwa sauti yake. Nilifurahia watu kumsogelea, sikumfikiria yeye. Kesho asubuhi naenda sokoni kwa bibi yake, nimwombe radhi na nimuulize mtoto analalaje.